Sensa Haina Kosa

Katika Kiswahili cha Tanzania neno "sensa" lina maana mbili. Kwa mtakwimu, sensa ni kuhesabu watu. Kwa fundi wa magari, sensa ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye injini ili kipime joto, hewa au moshi, na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Mafundi hawakulikopa neno lao kwa watakwimu. Walilichukua kwenye Kiingereza cha vitabu vya ufundi, likaangukia mahali ambapo tayari palikuwa na neno jingine lenye sauti ileile. Mwaka huu nimepata sababu ya kuamini kwamba kukutana huko kwa bahati kuna mantiki yake, na sababu hiyo nimeipata gereji.

Gari ninalolizungumzia ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1997, lenye injini ya lita moja na nusu. Nililinunua kwa mwenzangu aliyekuwa akilitumia Dar es Salaam, nikaja nalo Iringa ninakofundisha. Pwani lilisifiwa kuwa gari tulivu. Huku, kilomita zipatazo mia tano kutoka baharini na mita kama 1,600 juu yake, lilikuwa na tabia nyingine. Asubuhi za Julai, wakati ambapo hata mbwa wa jirani hatoki nje kabla ya jua, lilipowashwa lilitoa moshi mweusi na kunguruma bila kutulia, na harufu ya petroli ikajaa uani. Hilo lingevumilika kama lingeisha baada ya dakika tano. Halikuisha. Lita moja ya petroli, ambayo kwa injini ya ukubwa huo ingepaswa kutosha kilomita kumi na mbili au zaidi, ilinifikisha kilomita saba. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii hahitaji nimfafanulie maana ya tofauti hiyo ifikapo tarehe ishirini ya mwezi.

Niliwauliza mafundi kadhaa, na kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake. Wa kwanza alisema ni plagi. Wa pili alisema ni pampu ya mafuta. Wa tatu alisema nozeli zimechoka na zinavuja. Wa nne, aliyesikiliza injini kwa sekunde chache huku akizungumza na simu, alitamka kwamba kompyuta imekufa, na kwamba yeye anamfahamu mtu mwenye kompyuta nyingine. Wote wanne walikuwa wakarimu kwa ushauri, na hakuna hata mmoja aliyeshika kipimo chochote. Sikununua kitu. Kubadilisha kifaa kabla ya kupima ni kama kubadilisha mkuu wa idara kila mapato yanaposhuka: pengine utampata mwenye kosa, lakini hutajua umempata, kwa sababu hukujua kosa ni lipi.

Kabla sijaeleza kilichopatikana, naomba wasomaji wasio na magari wanivumilie kidogo, maana bila kuuelewa utaratibu wenyewe kisa hiki hakina maana.

Injini ya petroli inakula hewa zaidi kuliko inavyokula mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Mafuta yakizidi, tunasema mchanganyiko ni mzito: moshi unakuwa mweusi, plagi zinavaa masizi, fedha zinatokea kwenye bomba la moshi. Mafuta yakipungua, mchanganyiko ni mwepesi: injini inakohoa, inazimika, au inakataa kabisa kuwaka. Lakini injini ikiwa baridi kanuni hii inapindika. Petroli haiungui ikiwa majimaji, huungua ikiwa mvuke, na katika injini ya baridi sehemu kubwa ya petroli hugandamana na kuta za njia ya hewa kama umande. Kwa hiyo injini baridi lazima ipewe mafuta ya ziada ili yale machache yanayogeuka mvuke yatoshe. Katika magari ya kabureta kazi hiyo ilifanywa na choki, na dereva mwenyewe ndiye aliyeivuta na kuirudisha. Katika magari ya nozeli kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta.

Kompyuta hiyo haina macho. Haijui kama ni Julai wala kama iko Iringa. Habari za joto la injini inazipata kutoka kwenye sensa moja iliyozamishwa katika maji ya kupoza injini. Ndani ya sensa hiyo mna chembe ya madini ambayo ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ya aina ya hili langu, maji yakiwa na nyuzi 20, ukinzani huwa kati ya omu 2,000 na 3,000; yakifika nyuzi 80, huwa karibu omu 300. Kompyuta husoma ukinzani huo na kuamua: ukiwa mkubwa, injini ni baridi, ongeza mafuta, ukiwa mdogo, injini imepata moto, punguza. Kuna pia sensa ya oksijeni katika bomba la moshi, ambayo hurudi kuiambia kompyuta kama mafuta yaliyotolewa yalizidi au yalipungua. Lakini wakati injini inahesabiwa kuwa bado baridi, kompyuta haiisikilizi sensa hiyo. Inafuata jedwali lake la kupasha moto na kumwaga mafuta.

Utaratibu huu haukuzaliwa kwa ajili ya starehe ya madereva. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchungu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari. Sheria za kudhibiti moshi zikafuata, California ikitangulia. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wa nozeli unaoongozwa na umeme, uliofungwa katika magari ya Volkswagen, na mwaka 1976 sensa ya oksijeni ikaingia katika magari ya Volvo. Kwa maneno mengine, gari lilianza kujipima kwa sababu wananchi walidai moshi wake upimwe. Mwaka huohuo wa 1967 sisi nasi tulifanya sensa yetu ya kwanza baada ya Muungano, tukajikuta tuko watu milioni 12.3. Taarifa na uendeshaji vilikuwa vikitafuta namna ya kuoana, huko kwao na huku kwetu.

Fundi wa tano nilimpata Ipogolo, chini ya kilima, mahali ambapo malori yaendayo Mbeya na Zambia husimama kupumzika. Ni mtu mzima, na vijana wake wote humwita Mzee. Alinipokea kwa "Kamwene, Mwalimu," akanionyesha benchi, kisha akafanya jambo ambalo wenzake wanne hawakulifanya. Aliniuliza maswali. Gari lilitoka wapi? Moshi unaisha lini? Nikipanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, geji ya joto kwenye dashibodi inasimama wapi? Nilimjibu kwamba husimama chini kidogo ya katikati. Alitikisa kichwa na kusema geji hiyo tusiitegemee, kwa sababu katika gari hili ina sensa yake yenyewe, tofauti na ile ya kompyuta. Kinachoonyeshwa kwa dereva na kinachopelekwa kwa mwamuzi ni taarifa mbili, zilizochukuliwa na vifaa viwili, na si lazima zifanane.

Niliacha gari palepale lilale. Kesho yake saa moja asubuhi kazi ikaanza, na naiandika kwa mpangilio wake kwa sababu mpangilio ndio uliokuwa elimu.

Kwanza alifungua plagi zote nne na kuzilaza juu ya gazeti kwa kufuata silinda zake. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu, na weusi wake ulilingana. "Ingekuwa nozeli moja inavuja," alimwambia kijana wake, "tungeona plagi moja chafu na tatu safi. Hizi zote zimekula chakula kimoja." Akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa, akanipa nami nikinuse: oili ilinuka petroli. Mafuta yasiyoungua yalikuwa yakiteremka kwenye kuta za silinda, yakiosha oili na kuichuja nguvu. Akatazama chujio cha hewa, lilikuwa safi. Akachomoa mpira mdogo unaotoka kwenye kidhibiti cha msukumo wa mafuta, akauchungulia, ulikuwa mkavu. Ungekuwa na petroli ndani, ingekuwa na maana kwamba kidhibiti kimepasuka. Kisha akaunganisha matundu mawili ya kisanduku kilichoko karibu na injini kwa kipande cha waya, akafungua swichi, na taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Ilipepesa kwa mapigo yaliyo sawa, bila kituo. Maana yake ni kwamba kompyuta haikuwa na kosa lolote la kuripoti.

Hapo kijana mmoja alisema kwa furaha kwamba basi sensa ya joto ndiyo iliyoharibika. Mzee alimuuliza kwa nini kompyuta isiitaje. Kijana hakuwa na jibu, naye akamfafanulia jambo ambalo nililiandika pembeni ya daftari langu. Waya wa sensa ukikatika kabisa, kompyuta huona namba isiyowezekana na huwasha taa. Lakini sensa ikisema nyuzi 40 wakati maji yana nyuzi 85, kompyuta haina namna ya kujua, kwa sababu nyuzi 40 ni namba inayowezekana. Uongo mkubwa hukamatwa. Uongo unaofanana na ukweli hupita. Na kompyuta haiwezi kuukamata kwa sababu ina shahidi mmoja tu.

Kwa hiyo Mzee akaleta shahidi wa pili. Alikuwa na kipimajoto cha kioo, kile cha maabara, alichokihifadhi ndani ya soksi. Alifungua kifuniko cha rejeta na kukitumbukiza: nyuzi 8. Akapima sensa kwa mita ya umeme: karibu omu 4,000. Alikuwa na karatasi iliyochakaa yenye jedwali la ukinzani, akaisoma, vikalingana. Akafunga kila kitu, tukawasha, tukapanda hadi mjini na kurudi. Tuliporudi alipima tena ukinzani: omu 800 na kitu. Kwa jedwali lake hiyo ni kama nyuzi 50. Tukasubiri kifuniko kifunguke bila hatari, na kipimajoto cha kioo, ingawa maji yalikuwa yamepoa kidogo, kikakubaliana na jedwali.

"Sensa haina kosa," alisema Mzee. "Imetuambia injini ni baridi, na kweli injini ni baridi."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Mafundi wanne walikuwa wamehukumu plagi, pampu, nozeli na kompyuta. Kijana alikuwa amehukumu sensa. Vipimo vilionyesha kwamba hao wote walikuwa wakitimiza wajibu wao. Sensa ilisema kweli. Kompyuta ilisikia kweli na kutoa amri iliyo sahihi kwa injini baridi. Pampu na nozeli zilitekeleza. Plagi zilibeba masizi ya utekelezaji huo. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: kwa nini injini iliyosafiri vilima vyote vile ibaki na nyuzi 50?

Kijana alikuwa na tiba nyingine, na sikuona aibu usoni mwake alipoitamka, maana ni tiba inayofanyika katika gereji nyingi. Alishauri tufunge rizista ndogo sambamba na sensa. "Kompyuta itadhani injini imechemka, Mzee. Mafuta yatapungua leo hii hii." Na ni kweli yangepungua. Mzee hakumkemea. Alichukua kipande cha chaki na kuandika hesabu juu ya sakafu. Sensa ikiwa na omu 800, ukiiwekea sambamba rizista ya omu 600, kompyuta itaona kama omu 340: injini imepata moto, punguza mafuta. Vizuri. Sasa njoo kesho alfajiri. Maji yana nyuzi 8, sensa ina omu 4,000, pamoja na rizista yako kompyuta itaona kama omu 520, yaani zaidi ya nyuzi 60. Itatoa mafuta ya injini ya moto kwa injini ya barafu. "Mwalimu atapiga swichi mpaka betri iishe," alisema, "halafu atakuja kukuuliza wewe."

Akamwagiza apashe injini moto tena tangu mwanzo na ashike mpira wa juu wa rejeta. Katika injini nzima, mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla, kwa sababu njia ya kwenda kwenye rejeta hufungwa na thamostati mpaka maji yafike kwenye joto linalotakiwa. Wetu ulianza kupata uvuguvugu mara tu injini ilipowaka. Fundi akafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu, imezibwa vizuri kwa silikoni, kazi safi ya mtu aliyejua anachokifanya.

Wasomaji wenye magari ya zamani wanaujua utamaduni huu. Thamostati ni kifaa cha shaba kisichozidi kiganja cha mtoto. Ndani yake mna nta ambayo ikipata joto huyeyuka, hutanuka na kusukuma vali. Ikipoa, springi huirudisha. Haina waya wala kompyuta. Lakini ikizeeka huweza kukwama ikiwa imefungwa, na hapo injini huchemka. Fundi wa mjini, gari likiwa limesimama katika foleni, mwenye gari akitaka kufika nyumbani na spea ikiwa haipatikani, huitoa na kuitupa. Injini hupoa. Mteja hushukuru. Na ili tendo hilo lisibaki na sura ya dharura, limepewa falsafa: thamostati ni ya nchi za baridi, nchi za theluji, sisi wa nchi za joto hatuihitaji.

Falsafa hiyo inasikika kama ya kizalendo, na ndiyo maana inapendwa. Lakini thamostati haikuwekwa kwa sababu ya hali ya hewa ya Tokyo wala ya Dar es Salaam. Iliwekwa kwa sababu ya injini yenyewe, ambayo popote duniani hufanya kazi ipasavyo maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Pwani, joto la nje lilificha upungufu kwa kiasi. Hasara ilikuwepo, ila ilikuwa ndogo, mwenye gari akaizoea. Lilipopanda milimani, deni likadaiwa lote kwa mara moja, tena likadaiwa kwa mtu ambaye hakulikopa.

Ilibaki kutafuta kilichosababisha kuchemka hapo mwanzo, kwa sababu kurudisha thamostati bila kukiondoa ni kurudi Dar es Salaam. Rejeta ilitoa maji ya rangi ya udongo kwa nusu saa. Kwa miaka ilikuwa ikijazwa maji ya bomba, na chumvi yake ilikuwa imeziba mirija. Ikasafishwa. Feni ikajaribiwa, ilikuwa nzima. Thamostati mpya, iliyoandikwa nyuzi 82, Mzee hakuiamini kwa maandishi. Aliipeleka kwa mama ntilie wa jirani, akaomba sufuria ya maji, akaininginiza kwa uzi pamoja na kile kipimajoto cha kioo, na sote, pamoja na mama ntilie na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wali, tukatazama. Vali ilianza kufunguka nyuzi 82 zikiwa zimefika. Bei yake haikufikia nusu tangi la petroli. Tukabadilisha oili, tukajaza maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Tangu siku hiyo lita moja inanipeleka kilomita kumi na mbili na kidogo.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu tiba ya rizista haimo gereji pekee.

Mwezi Septemba mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Marekebisho hayo yalimtaka mtu apate kibali kabla ya kuchapisha takwimu, na yakafanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopinga au kutia shaka zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza hadharani wasiwasi wake, na asasi za kiraia pamoja na watafiti wa hapa nchini wakapinga. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Wengi waliijadili sheria ile kama suala la uhuru wa kusema, nao walikuwa na haki. Lakini ukiitazama kwa jicho la Mzee wa Ipogolo, ubaya wake mkubwa ulikuwa wa kiufundi. Sheria ile haikuilazimisha serikali kusema uongo. Ilikipiga marufuku kipimajoto cha pili. Na tumeona kwamba mwamuzi mwenye shahidi mmoja hawezi kuutambua uongo unaofanana na ukweli, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Mwaka uliofuata tulipita kwenye jaribio gumu zaidi. Mwezi Mei 2020 namba rasmi za nchi yetu zilionyesha kwamba wagonjwa wa korona waliothibitishwa ni 509 na waliofariki ni 21. Namba hizo zikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Geji ya dashibodi ilibaki chini kidogo ya katikati, na kila mmoja wetu anajua misiba aliyokwenda kuzika katika kipindi hicho. Sitaki kuyafungua upya majonzi ya watu. Nataka kusema tu kwamba geji iliyosimama haikuipoza injini.

Najua mfano huu una mipaka. Dola si injini, na wananchi si nati za kukazwa. Takwimu nazo zinaweza kuwa na makosa, na wapo wanaozipika kwa maslahi yao, ndani ya serikali na nje yake. Lakini dawa ya shaka hiyo ndiyo ileile tuliyoiona: ukiishuku sensa, leta kipimo kingine, pima baridi na pima moto, linganisha na jedwali. Mzee aliishuku sensa kwa saa nzima kabla ya kuitangaza kuwa safi. Hakuishuku kwa sababu habari yake ilikuwa mbaya.

Wala sitaki tuwaangalie wakubwa peke yao. Rizista nyingi hufungwa chini, na watu wapole, kwa nia ya kumpunguzia mtu gharama za leo. Afisa anaandika kwamba mradi umekamilika kwa asilimia 100 kwa sababu fedha zote zimetumika. Mwalimu anaandika mahudhurio ya wanafunzi ambao hawakuja, ili shule isipunguziwe mgawo. Mhadhiri anapandisha alama za darasa zima ili kikao kisiulize maswali. Kila mmoja wao ameongeza kiukinzani kidogo kwenye waya mmoja, na kule juu kompyuta tiifu inapunguza mafuta mahali ambapo pana baridi kali. Kisha tunashangaa kwamba asubuhi gari haliwaki, na tunaanza kugombana kuhusu plagi.

Mimi nami nina waya wangu. Mwaka huu idara ilinipa kazi ya kuhesabu wanafunzi walioacha masomo kabla ya kumaliza, na kueleza sababu. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikalinganisha orodha za usajili na orodha za mitihani, kisha nikawapigia simu waliokosekana, mmoja mmoja, kwa wiki tatu. Wengi walitaja ada na chakula. Baadhi walitaja mambo ambayo hayapendezi kuandikwa katika taarifa ya chuo. Nilipopeleka rasimu, mtu mmoja mwenye nia njema na cheo kinachonizidi alinishauri niwahamishe baadhi ya wanafunzi hao katika safu ya "walioahirisha," kwa kuwa wanaweza kurudi siku moja, na kwa kuwa bajeti ya mwaka ujao itajadiliwa karibuni. Alisema namba ikiwa kubwa itatuumiza sote.

Pengine yuko sahihi kuhusu kuumia. Nimemjibu kwa barua ya ukurasa mmoja kwamba walioahirisha ni wale walioandika barua za kuahirisha, nao nimeshawahesabu katika safu yao. Na kwamba yeyote anayeitilia shaka hesabu yangu nitampa majina na namba za simu ili apige mwenyewe, maana hilo ningelipenda zaidi kuliko kuaminiwa. Taarifa nimeipeleka ikiwa na namba zake zote. Kikao kimepangwa kufanyika mwezi ujao, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyeomba zile namba za simu.